Joto Si la Kushindana Nalo

Maneno haya yalisemwa na kijana mmoja wa Mwatate alipoalikwa kuzungumza na vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, kwa sababu yanawahusu hata wale ambao hawakimbii.

 Nimeombwa niwaeleze jinsi nilivyokimbia peke yangu kuzunguka milima yetu ya Taita, na jinsi nilivyoanguka. Wengine wenu mlikuwapo. Nikikosea mnisahihishe.

Ilikuwa Aprili 2018. Kikundi cha akina mama wa kwetu kilitaka tangi la lita 10,000 la kukinga maji ya mvua. Harambee tulikuwa tumefanya mbili, na watu walikuwa wamechoka kuchanga. Mimi nikasema, wacha nikimbie, na kila mtu aahidi pesa kwa kila kilomita. Daftari likazunguka. Huyu akaandika shilingi 10 kwa kilomita, yule 20, mwenye duka akaandika 50.

Marathoni ni kilomita 42 na kidogo. Mimi nilipanga 52 kwa hesabu yangu: kutoka Mwatate kupanda Wundanyi, kupita Werugha na Mgange, kuteremka Bura, halafu kurudi Mwatate kupitia upande wa mashamba ya makonge. Watu wakashangilia. Hakuna aliyeniuliza nitapita Bura saa ngapi, na mimi mwenyewe sikujiuliza.

Niliondoka saa moja asubuhi. Kupanda kulikuwa kugumu lakini kuzuri. Kule juu, karibu na Vuria, mlima wenye mita 2,208, ukungu ulikuwa umefunika njia. Niliona baridi. Kwa sababu ya baridi sikusikia kiu, nikanywa maji kidogo sana. Simu niliiacha nyumbani nikisema ni mzigo.

Nilipofika chini Bura ilikuwa yapata saa saba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, sasa jua limetoka kali, na ardhi inatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Nikaendelea na mwendo uleule wa mlimani. Hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Akina mama, nyinyi mnajua nguo zilizofuliwa siku ya mvuke hazikauki. Zinaning'inia kwenye kamba, zinadondoka maji tu. Mwili nao ni hivyo. Jasho halipozi mwili kwa kutoka. Linaupoza kwa kukauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho linatiririka mpaka viatuni lakini halikauki, na joto linabaki ndani. Kwa hiyo siku ya mawingu na mvuke inaweza kukuangusha kuliko siku ya jua kavu. Mwili wa mtu mzima una joto la nyuzi 37 hivi. Ukipita 40 na akili ikaanza kupotea, hapo ni mambo ya kufa na kupona.

Mimi sikujua kwamba akili inapotea. Mwenye kupotea hajui! Nilianza kusikia baridi na vipele vya baridi mikononi, saa nane mchana, juani. Nikafurahi, nikafikiri nimepata nguvu mpya. Kumbe mwili ulikuwa unashindwa.

Kando ya njia kulikuwa na akina mama watatu wakipalilia. Mmoja akaniita, “Kijana, njoo unywe maji.” Nikampita. Akaniita tena. Nikamjibu vibaya, nikasema kila kilomita ni pesa, asinicheleweshe. Baadaye yule mama aliniambia hakukasirika. Alisema, “Mtoto wa hapa akipita wazee bila salamu, tena akiyumba, huyo si mzima.” Akamtuma mwanawe anifuate kwa baiskeli.

Yule kijana ndiye aliyeniona nikianguka, kilomita 6 kabla ya mwisho. Nasema wazi mbele yenu: kama mama yule angenikasirikia na kuniacha niende zangu, leo msingekuwa mnanisikiliza.

Walinibeba mpaka chini ya mti. Walinivua shati, wakanimwagia maji ya mtungi mwili mzima, wakanipepea kwa leso. Hawakunilazimisha kunywa, maana nilikuwa sijielewi, na mtu wa namna hiyo maji humwingia kifuani. Walinipoza kwanza, gari likitafutwa. Hospitalini mganga alisema ule mtungi ndio ulioniokoa, kwa sababu mtu wa namna hiyo hapelekwi akiwa bado anawaka moto. Anapozwa pale pale alipoanguka, halafu anapelekwa, na njiani anaendelea kupozwa.

Wengine husema, ngoja uone kama jasho limekauka, ndipo ujue ni hatari. Msingoje. Mimi nilikuwa bado natoka jasho. Dalili ya kutazama ni kichwa: mtu kusema ovyo, kugomba bila sababu, kuyumba, kusahau alipo.

Mwaka wa 1984, katika Olimpiki ya Los Angeles, akina mama walikimbia marathoni ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akiwa amepinda upande mmoja kwa ajili ya joto. Mzunguko wa mwisho peke yake ulimchukua karibu dakika 6. Alimaliza, wa 37, na alipona. Watu wengi walimsifu, na ni kweli ana moyo. Lakini yeye alikuwa uwanjani, madaktari wakitembea kando yake. Mimi nilikuwa kwenye makonge.

Sasa nije kwenye zile pesa, maana najua mnangoja. Wako waliosema, hakumaliza, hatulipi. Wengi walilipa kilomita 46. Tangi halikupatikana mwaka ule. Tulinunua mabati na mifereji ya paa tu. Niliona aibu kubwa. Lakini mwenyekiti wa akina mama aliniita, akasema kosa si langu peke yangu. Alisema, “Sisi ndio tulioandika bei kwa kilomita. Tulikulipa usisimame.” Maneno hayo sijayasahau.

Mwaka wa 2019 nikarudia, lakini kwa mpango. Kwanza, ahadi ziliandikwa kwa mafungu: mtu anatoa chake, nimalize nisimalize. Pili, kwa muda wa wiki mbili nilifanya mazoezi mchana wa joto, kidogo kidogo nikiongeza, kwa sababu mwili hujifunza joto kwa siku 10 hadi 14. Tatu, tuligeuza njia. Nilitaka kuanza usiku ili nikwepe jua, wazee wakakataa: huku chini ndovu hutembea usiku. Basi nilianza saa kumi na mbili, mwanga ulipotoka, nikamaliza sehemu ya Bura kabla jua halijapanda. Jua lilipokuwa kali mimi nilikuwa juu penye ubaridi, na mwisho wa mbio tukauweka Wundanyi badala ya Mwatate.

Nne, tuliweka vituo 5, kila kimoja na mama mmoja mwenye maji na kitambaa. Nilikimbia peke yangu, lakini nilikubali sheria moja: mama wa kituo akisema keti, naketi, bila ubishi. Nilikaliswa mara mbili. Mara ya pili nilitaka kukataa, nikakumbuka mwaka uliotangulia. Nilimaliza nikiwa nimechelewa sana, lakini nilimsalimu kila mtu njiani. Tangi likanunuliwa. Liko pale, mnaliona.

Neno moja kuhusu maji. Msifikiri dawa ni kunywa tu. Katika marathoni ya Boston ya mwaka wa 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikutwa na chumvi iliyopungua mno. Kunywa kupita kiasi kulichangia sana. Kunywa ukisikia kiu, kula kitu chenye chumvi, pumzika. Mimi hujipima kwenye mizani ya mahindi kabla na baada ya mazoezi. Nikipungua kilo 1, najua nimepoteza maji karibu lita 1. Nikiongezeka, nimekunywa mno.

Kwa nini nawaambia nyinyi ambao hamkimbii? Kwa sababu mwezi ujao vikundi vinachimba mtaro wa bomba, na nimesikia watalipwa kwa mita. Kijana anayelipwa kwa mita atafanya kama nilivyofanya mimi. Anzeni mapema, pumzikeni saa za jua, na mwekeni mtu mmoja wa kuwatazama wengine. Akisema keti, mtu aketi, na malipo yake yasipungue.



MAMBO YA KUKUMBUKA

- Mtu akichanganyikiwa kwa joto: kivulini, maji mwili mzima, mpepee, tafuta gari. Asiyejielewa asinyweshwe.
- Aliyechoka kwa jasho na anajielewa: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu kijiko kidogo. Vijiko viwe sawasawa, visifurike. Anywe polepole.
- Kazi ya siku za kwanza za joto iwe nusu ya kawaida.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kazi zetu, ni wapi tunamlipa mtu ili asipumzike?
2. Nani kati yetu ana ruhusa ya kumwambia mwenzake “keti”, na akasikilizwa?
3. Mtungi wa maji hukaa wapi tunapofanya kazi mbali na nyumbani?