Mzazi Aje na Mtoto, Mtoto Aje na Mzazi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika karamu ya mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze usiku huu, alinitaka niseme neno juu ya wanyama pori, kwa kuwa nilikuwa katibu wa klabu ya wanyama hapa shuleni nilipokuwa Kidato cha Tatu. Namshukuru kwa kumbukumbu yake nzuri. Lakini naona amesahau kwamba mwaka ule klabu yetu ilifanya safari moja tu ya Tsavo, na kwamba gari lilituharibikia Mackinnon Road, tukala mkate mkavu mpaka saa nne usiku. Ndovu tuliyemwona siku hiyo alikuwa ndovu wa kwenye kitabu.

Hata hivyo klabu zile zilitufaa. Zilianzishwa nchini mwaka 1968 na wanafunzi wa sekondari kama sisi, wala si na wakubwa, na zimewafungulia macho vijana wengi. Mimi zilinifanya mwalimu wa bayolojia. Nilifundisha kwa miaka 31 mjini Mombasa, na kila mwaka nilipakia wanafunzi ndani ya basi nikawapeleka kuona wanyama. Basi moja, watoto 60, walimu wawili na filimbi moja. Watoto walikimbia, walipiga kelele, walimrushia mamba maganda ya njugu, wakarudi nyumbani wamechoka. Jumatatu niliwapa maswali kumi. Wenye akili walipata tisa. Nami nikaamini kwamba nimefundisha.

Mahali nilipokuwa nikiwapeleka mara nyingi ni pale Bamburi, mahali panapoitwa leo Haller Park. Wengi wenu mmepita barabara ile ya Malindi bila kugeuza shingo, kwa hiyo naomba nipaeleze kidogo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1954. Kilichimba mawe ya matumbawe mpaka ardhi ikabaki shimo kubwa jeupe, karibu na maji ya chini, na maji yenyewe yana chumvi. Hapakuota hata jani. Mwaka 1971 bwana mmoja Mswisi, René Haller, alianza kujaribu kupanda miti ndani ya shimo lile. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na mmoja katika hiyo mitatu ni mti ambao kila mtu wa pwani anaujua: mvinje.

Mivinje iliota, lakini tatizo jipya likazuka. Majani yake membamba yalianguka chini yakarundikana, wala hayakuoza. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaofuata. Sasa, ndugu zangu, nani aliyekuja kumsaidia bwana yule? Si trekta, wala si mbolea ya gunia. Ni jongoo! Jongoo huyu huyu mwenye miguu myekundu ambaye sisi tukimwona kizingitini tunamsukumia nje kwa ufagio. Haller alimwona akila majani ya mvinje, akamleta kwa wingi ndani ya shimo. Jongoo akala, akatoa kinyesi, kinyesi kikawa udongo, na udongo ukapokea mbegu nyingine. Leo pale pana msitu, pana mabwawa, pana twiga wanaokula chakula mkononi mwa mtoto, pana viboko na mamba. Watu walianza kukaribishwa kutembea humo mwaka 1984.

Habari hiyo ya jongoo nimewafundisha watoto wa watu kwa maelfu. Naomba sasa niwaambie aibu yangu.

Siku moja, baada ya kustaafu, mjukuu wangu wa miaka sita alimponda jongoo kwa kiatu mlangoni pangu, Kisauni. Nikamketisha, nikamweleza kisa chote, tangu shimo jeupe mpaka msitu. Mtoto alikodoa macho. Nilipoinua kichwa nikamwona baba yake, mwanangu wa kuzaa, amesimama kizingitini anasikiliza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, mbona mimi hukunieleza haya?"

Nilimjibu kwamba sikuwa na nafasi. Hakuongeza neno, akaingia ndani. Lakini mimi na yeye tulijua kwamba Jumamosi zile zote nilizowapeleka watoto wa wenzangu Bamburi, yeye nilimwacha nyumbani akicheza mpira wa matambara. Mganga hajigangi, husema wahenga, nami nilikuwa mganga wa mji mzima.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watatu: mimi, mwanangu na mjukuu. Hatukuwa na filimbi wala maswali kumi. Tulikwenda mwendo wa mtoto, tukasimama mtoto aliposimama. Ilituchukua saa nzima kumaliza njia ambayo basi langu la shule lilikuwa likiimaliza kwa dakika kumi na tano. Nilijifunza siku hiyo jambo ambalo miaka 31 haikunifundisha: mtoto hamtazami mnyama peke yake. Humtazama mnyama, kisha hugeuka kumtazama mzazi wake, ajue kama jambo hili ni la kuogopa, la kucheka au la kuheshimu. Katika basi langu watoto 60 waligeuka, na hapakuwa na wa kuwajibu.

Majirani walisikia, wakaomba kufuatana nasi. Ndivyo ilivyoanza Jumamosi yetu ya kwanza ya kila mwezi. Si chama, hatuna mhuri wala mweka hazina. Tuna kanuni tatu tu. Kwanza, mtoto haji bila mzazi au mlezi wake, na mzazi haji bila mtoto. Pili, kila familia huchagua kitu kimoja cha kutazama kwa robo saa bila kusema, hata kikiwa ni chungu. Tatu, tukimaliza tunatandika leso chini ya mivinje, tunakula mahamri, na kila mkubwa huwasimulia watoto juu ya mnyama mmoja aliyemjua utotoni mwake.

Hiyo kanuni ya tatu niliiweka kwa ajili ya burudani. Kumbe ndiyo iliyokuwa darasa lenyewe. Baba mmoja dereva alisimulia jinsi kima walivyomwibia mkate wa Ramadhani. Bibi mmoja wa Kilifi alieleza jinsi alivyotambua kuja kwa mvua kwa sauti za vyura. Na mtoto yeyote akiuliza habari za yule kiboko mdogo wa mwaka 2004, kila mkubwa ana lake la kusema, maana kila mmoja hukumbuka alikuwa wapi tsunami ilipofika pwani yetu. Kiboko yule alitenganishwa na wenzake karibu na Malindi, akaokolewa na watu, akaletwa Bamburi; na alipofika alimkimbilia kobe mkubwa aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, akalala ubavuni mwake kama kwa mamaye. Kobe yule aliitwa Mzee. Watoto hawachoki kukisikia kisa hicho.

Lakini ilifika zamu ya mama mmoja, mzaliwa wa Taita, upande wa Voi. Alikuja na binti yake wa miaka kumi. Mama alikunja leso yake, akasema, "Mimi nimekuja kwa sababu binti yangu alilia kutaka kuja. Lakini sitaki mwanangu afundishwe kumpenda ndovu."

Palikuwa kimya. Nami, mwalimu mzee, nilikuwa na jibu tayari: watalii, fedha za kigeni, urithi wa taifa. Nilifungua kinywa. Mwanangu akanivuta mkono wa shati, akaninong'oneza, "Baba, mwache aseme."

Akasema. Alipokuwa darasa la saba, ndovu waliingia katika mahindi yao usiku. Baba yake alitoka na debe ili awafukuze kwa kelele. Asubuhi walimkuta mpakani mwa shamba. Binti yake alikuwa akimtazama mama yake kinywa wazi, kwa kuwa hakupata kuambiwa babu yake alikufaje. Aliambiwa ni ugonjwa. Kisha mtoto yule akauliza, "Mama, huyo ndovu alikuwa amepotea njia?" Mama akafikiri sana, akajibu, "Sijui. Watu wazima walikuwa wakisema njia ilikuwa yao kabla ya shamba kuwa letu."

Siku hiyo hakuna aliyetoa mawaidha. Tulikunja leso tukaenda zetu.

Nilidhani hawatarudi. Mwezi wa pili walikuja, na safari hii mama alikuja pia na watoto wawili wa kaka yake. Binti alikuwa na daftari. Alikuwa amemwuliza mwalimu wake, naye mwalimu akamweleza habari za Sagalla, si mbali na Voi. Huko wakulima wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, mzinga kwa mzinga. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira, na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, hurudi nyuma. Mkulima anaokoa mahindi na juu yake anapata asali. Binti alisoma hayo mbele yetu kutoka daftarini. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, "Baba yangu alikuwa na mizinga mitatu. Aliiweka mbali na shamba ili nyuki wasituume."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi vya hifadhi. Hakuna hata kimoja kilichonifundisha kama sentensi ile.

Nilimwuliza mama yule baadaye, kwa adabu, kama moyo wake umelainika juu ya ndovu. Akanijibu, "Mwalimu, sikuja kumpenda ndovu. Nimekuja kwa sababu mwanangu sasa ananiuliza mambo, nami namjibu." Nikaona hilo latosha. Upendo wa kufundishwa kwa picha ni mwepesi. Huisha mtoto anapofika nyumbani na kumsikia baba akimlaani mnyama yule yule. Atakayemlinda mnyama kwa kweli ni yule anayejua uzuri wake na pia anajua gharama yake, na anajua gharama hiyo inamwangukia nani. Sheria yetu ya mwaka 2013 inasema aliyeuawa na mnyama pori familia yake ifidiwe shilingi milioni 5. Ni vizuri sheria iwepo. Lakini mtoto hapaswi kuisikia kwanza kwa wakili. Aisikie kwa mama yake, chini ya mti, pamoja na kisa cha babu.

Basi nimefika kwenye ombi langu, na Mwenyekiti ameanza kutazama saa.

Sisi wa shule hii tunakutana kila mwaka. Tunakula nyama, tunakumbushana viboko vya walimu ambao wengine wao wametangulia mbele ya haki, tunaimba wimbo wa shule, tunaondoka. Watoto wetu tunawaacha nyumbani, na wajukuu wakija wanaketi ndani ya magari wakisubiri tumalize. Nyuma ya bweni letu la zamani kuna kile kipande cha vichaka tulichokuwa tukijificha tukitoroka kazi za mikono. Nilikipitia leo asubuhi. Nimeona shimo la nguchiro, nimeona viota vya kwera, nimeona jongoo wasiohesabika. Si mbuga ya taifa. Lakini kwa robo saa ya kutazama kinatosha kabisa.

Naomba mkutano wa mwakani tuuanze asubuhi, kabla ya karamu, na kila mmoja wetu aje na mtoto mmoja au mjukuu mmoja. Mahamri nitaleta mimi. Asiwepo wa kupiga filimbi. Tutembee mwendo wa mtoto, kisha tuketi, na kila mzee asimulie mnyama mmoja aliyemjua utotoni. Na kama kisa chake ni kichungu, asikitie sukari. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo, lakini mkono wa kumkunja uwe wa mzazi, usiwe wa dereva wa basi.

Mwanangu yuko hapa usiku huu, ameketi meza ile ya nyuma. Alinisamehe bila kusema, kama wanaume wasemavyo. Leo ndiye anayewaongoza watoto Jumamosi zetu, kwa kuwa magoti yangu yamegoma. Mwezi jana nilimsikia akimweleza mtoto wa jirani habari za jongoo, neno kwa neno kama nilivyomweleza mjukuu wangu siku ile mlangoni. Alikuwa ameyashika yote.

 Mungu atujalie tuonane mwakani, sisi na wadogo wetu.