Moshi hupimwa pale mtu anapopumua

Hotuba ya afisa wa afya ya umma kwa wahudumu wa afya ya jamii na wakazi, wakati wa mafunzo kuhusu hewa safi nyumbani



Kila tunapozungumzia moshi wa jikoni, kuna swali tunaloulizwa: "Sisi tumelelewa na moshi huu na tuko hai. Nani alithibitisha kwamba ni hatari?" Ni swali la haki. Leo nitalijibu kwa kuwaeleza kazi ya mtafiti mmoja, Profesa Kirk Smith wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Alifariki mwaka wa 2020, baada ya takriban miaka 40 ya kufuatilia moshi wa kuni.

Smith hakuanzia jikoni. Alisomea fizikia, kisha afya ya umma, na mwanzoni alichunguza hatari za vyanzo vikubwa vya nishati kama vile nyuklia. Baadaye akatambua kwamba watu wengi sana duniani hutegemea kuni na samadi kavu kupikia, na ni wachache mno waliokuwa wamejali kupima wanachovuta. Mwaka wa 1981, yeye na wenzake Wahindi walikwenda vijijini katika jimbo la Gujarat, India. Waliwavalisha akina mama vifaa vidogo vya kupima hewa walipokuwa wakipika. Vipimo vilionyesha moshi mwingi kuliko ule wa miji iliyojulikana kwa uchafu wa hewa.

Hapo ndipo lilipo somo lake la kwanza. Usiulize tu moshi ni kiasi gani. Uliza unaingia kwa nani. Moshi wa kiwanda hutoka juu na kutawanyika. Moshi wa jikoni hutokea hatua moja kutoka kwa mama, na mtoto yuko mgongoni. Smith alizoea kuufananisha moto wa kuni na sigara 400 zinazowaka kila saa ndani ya nyumba.

Lakini kupima moshi si kuthibitisha ugonjwa. Ilibidi afanye jambo gumu zaidi. Katika milima ya magharibi mwa Guatemala, kuanzia mwaka wa 2002, Smith na wenzake walishirikisha familia 534 zilizokuwa na mama mjamzito au mtoto mchanga. Kwa kura, nusu walijengewa jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi nje. Nusu nyingine waliendelea na moto wa wazi, nao wakapewa jiko hilo utafiti ulipomalizika. Wahudumu walizuru kila nyumba kila wiki na kuwatuma watoto wagonjwa kwa daktari.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Moshi jikoni ulipungua kwa takriban asilimia 90, lakini ule uliowafikia watoto ulipungua kwa nusu tu. Nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja. Kwa nimonia yote kwa jumla, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kutosha kuthibitisha. Kwa nini mtoto hakunufaika sawa na jiko? Kwa sababu mtoto hakai jikoni siku nzima, na moshi unaotolewa nje hubaki uani na kwa jirani.

Msidhani haya ni ya mbali. Hapa Kenya, watafiti wengine walifuatilia nyumba 55 huko Mpala, Laikipia, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2001. Waliona kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi, ndivyo alivyougua kifua mara nyingi zaidi. Akina mama waliathirika kuliko wanaume kwa sababu wao ndio huwa karibu na moto unapowashwa au kuchochewa, wakati ambapo moshi ni mzito.

Katika miaka yake ya mwisho, Smith alisisitiza kwamba watu maskini nao wanastahili gesi na umeme, si jiko la kuni lililoboreshwa tu. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa baadaye katika nchi nne, Rwanda ikiwemo, ulionyesha kwamba gesi ilipunguza moshi nyumbani lakini haikupunguza nimonia kali ya watoto wachanga kama ilivyotarajiwa. Nawaambia hili waziwazi. Moshi ni adui mmoja kati ya kadhaa. Anayenunua mtungi wa gesi asiache chanjo ya nimonia wala kumnyonyesha mtoto.

Najua pia bei ya kujaza mtungi. Kwa hivyo, anayepika kwa kuni aanze na haya:

• Kausha kuni vizuri kabla ya kuzitumia, na upasue magogo yawe vipande vidogo.
• Fungua dirisha na mlango, au pikia nje hali ya hewa ikiruhusu.
• Funika sufuria, na uloweke maharagwe na githeri usiku, ili moto uwake kwa muda mfupi.
• Mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kuwasha moto. Baba, kaka au shangazi amshike.
• Kamwe usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua.

Mtoto akipumua haraka haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Msingoje asubuhi.

Wahudumu wa afya ya jamii, kazi ya Smith ilisimama juu ya watu kama ninyi, waliobisha hodi kila wiki na kuandika walichokiona. Mkizuru boma, msitazame jiko pekee. Tazameni mtoto ameketi wapi.