Juu ya Kukatwa Mishipa ya Fahamu kwa Watoto Waliokakamaa Miguu



Miongoni mwetu wamo wazazi wa watoto waliokakamaa miguu kwa sababu ya dhara lililoupata ubongo wangali wachanga au kabla ya kuzaliwa. Wametuuliza juu ya operesheni ya mgongoni.

Daktari hufungua mgongo upande wa kiunoni, huzipima nyuzi za fahamu zipelekazo habari kutoka miguuni, hukata baadhi yake, na zile ziamrishazo misuli huziacha. Njia hii aliitengeneza upya Warwick Peacock huko Cape Town mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadhi ya watoto wake walitazamwa tena baada ya miaka 20, na mwendo wao ulikuwa ungali bora kuliko kabla ya kukatwa.

Lakini tusidanganyane. Majaribio matatu ya Kanada na Marekani, yaliyojumlishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba kukakamaa hupungua sana, bali uwezo wa kusimama na kutembea huongezeka kidogo tu kuliko kwa mazoezi peke yake. Ubongo hauponi. Tena mguu ukilegea, udhaifu uliofichwa na ule mkazo huonekana, nao hutaka mazoezi ya miezi mingi.

Uingereza, ilipokubali mwaka 2018 kuilipia kazi hii, iliwachagua watoto wa miaka 3 hadi 9 ambao tayari hutembea, japo kwa shida au kwa kushikilia magongo.

Basi kabla mtu hajauza ng'ombe, na amwulize daktari kama mtoto wake ni wa namna hiyo, na ni nani atakayemfanyisha mazoezi arudipo nyumbani.