Msafiri wa Peke Yake Katika Gari la Moshi

Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya safari ya gari la moshi, kwa kuwa vijana wengi wa Bukoba na Muleba huondoka peke yao kwenda pwani, na wazazi wao huingiwa na hofu. Tutasema yale tuliyoyaona wenyewe mwezi wa Desemba, mwaka 1988, tulipokwenda Dar es Salaam bila mwenzi.

Siku zile mtu wa Muleba hakuwa na haja ya kufika Bukoba mjini. Alipanda meli Kemondo, akaamkia Mwanza. Habari za ziwani si nyingi, maana tulilala. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikitoka Tabora, na hapo Tabora huungana na reli kuu ya Dar es Salaam na Kigoma, ambayo Wadachi waliimaliza mwaka 1914. Tulikata tikiti ya daraja la tatu. Gandhi naye, aliporejea kwao India mwaka 1915, alisafiri katika daraja hilo hilo, akaandika juu ya dhiki yake; nasi twasadiki, kwani tulikaa goti kwa goti.

Nyumbani tulikuwa tumeonywa tusile chakula cha mtu tusiyemjua, kwa sababu wako wezi watiao dawa. Onyo hilo ni la haki, wala hatulidharau. Lakini desturi ya Buhaya ni kumpa mgeni kahawa ya kutafuna, nasi tulikuwa nayo mfukoni, pamoja na senene wa kukaanga. Je, tungetafuna peke yetu mbele ya mzee wa Kisukuma aliyeketi akitutazama? Basi tukatafuna kwanza sisi, kama mwenye pombe aionjavyo mbele ya mgeni, kisha tukampa. Kahawa akaipokea. Senene akawatazama sana, akasema, "Mwanangu, hawa wabaki wako."

Alikuwa akienda Muhimbili kutibiwa macho, na barua ya daktari ilikuwa mfukoni mwake. Tulipofika Tabora akataka kushuka kununua asali, akatwambia, "Nitunzie mfuko huu." Nyuma yake mabehewa yetu yakavutwa yakaungwa na yale yaliyotoka Kigoma. Filimbi ikalia, gari likaondoka, mzee hayupo. (Kila kijana na akariri namba ya behewa lake kabla ya kushuka.)

Likawa shauri. Mmoja alisema mfuko ushushwe Itigi, akabidhiwe mkuu wa stesheni. Mwingine, aliyepanda pale pale Tabora, akasema mwenye mfuko ni jamaa yake, atauchukua yeye. Tukamwuliza, "Ndani mna nini?" Akanyamaza, na baada ya kitambo akahama kiti. Ndipo mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Kaka, mzee yule haoni mbali. Labda yumo humu humu, amepotea behewa. Nenda ukamtafute, mimi nitalinda."

Hapo tulisita. Mama huyo hatukumjua hata jina, na kumwachia mfuko wa mzee ilikuwa kumwachia na wetu, wenye karo ya mwaka mzima. Lakini barua ikipotea, mzee angefika Muhimbili kama mtu asiyejulikana. Tukaenda.

Tulipita behewa baada ya behewa, tukiruka miguu ya watu na matenga ya kuku, tukiita. Katika mabehewa ya Kigoma tukamkuta ameketi katikati ya wageni, asali yake magotini, nao wamempa migebuka, anakula. Akasema alidhani sisi ndio tuliopotea.

Tukamshika mkono, tukarudi naye polepole. Mama yule alikuwa amempakata mtoto, na miguu yake iko juu ya mifuko yote miwili. Mzee akauchukua wake, asiufungue wala kuupapasa, akauliza kama kahawa imebaki.