Mwenye Kutuambia Kweli



Hapa Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni, wako vijana wanaotafuta riziki kwa kupiga picha za harusi, za ubatizo na za jamaa nyumbani. Wengi wao hawakuingia chuo cho chote. Hujifunza kwa kupiga, kisha kuonyesha, kisha kuambiwa. Leo tutazame hapo penye kuambiwa.

Kijana akileta picha, marafiki husema, "Nzuri sana!" Naye huenda zake amefurahi, na kesho hupiga vile vile. Lakini fundi wa siku nyingi huishika, huitazama kimya, halafu husema: "Mama huyu ulimsimamisha juani saa sita. Jua li utosini, na macho yake yamekuwa mashimo mawili. Gauni lake jeupe limeidanganya kamera. Imepunguza mwanga, na uso wake mweusi umezama gizani. Tena ulisogea karibu mno, pua imekua. Mpeleke kivulini barazani, auelekeze uso kwenye mwanga. Rudi nyuma hatua mbili, upime mwanga wa uso, si wa gauni."

Maneno hayo yachoma. Lakini angalieni: kila kosa limetajwa pamoja na dawa yake. Fundi hakusema, "Hujui kazi." Hapo ndipo lawama na mafunzo vinapoachana.

Wala jambo hili si dogo. Huenda picha hiyo ikawa ndiyo pekee ya mama yule. Siku moja wanawe wataitafuta waiweke mbele ya jeneza lake, na wajukuu watauliza bibi alikuwa na sura gani. Wakikuta giza, nani atampiga tena? Sifa za marafiki zilimfurahisha kijana, lakini zilimnyima mama uso wake.

Katika miaka ya 1990, wapiga picha wa pale feri ya Likoni walikuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa. Siku za filamu, kosa halikuonekana mpaka filamu isafishwe. Leo picha huonekana papo hapo katika simu. Hata hivyo shida ya zamani ingali ipo: aliyepiga huona alichokusudia, mwenzake huona kilichotoka.

Ndivyo tulivyo hata rohoni. Katika 2 Samweli 12, Mfalme Daudi alisikia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Alikasirika sana, asijue kwamba anatazama sura yake mwenyewe. Ilibidi Nathani amwambie waziwazi kwamba mtu huyo ni yeye. Daudi hakumfukuza Nathani. Alikiri dhambi yake.

Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Basi tujiulize: nyumbani, kazini na kanisani, ni nani anayeweza kutuambia kweli bila hofu? Nasi tukiwaambia wengine, je, twawaonyesha penye mwanga, au twawaacha juani na kuondoka?

Tuombe. Ee Bwana, utupe marafiki wa kweli, na masikio ya kuwasikia. Utufundishe kusema kweli kwa upendo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.