Bei ya Mnadani na Bei ya Sokoni

Mazungumzo ya ofisi ya miradi na washarika wa Pasua, Moshi, kipindi cha mavuno



Mada tuliyopewa ni "Tule vya kwetu, kwa msimu wake". Tungependa kuianzia hapa hapa kanisani, baada ya ibada.

Wote tunaujua mnada wa sadaka za mavuno. Mkungu wa ndizi unainuliwa, mmoja anataja bei, mwingine anaongeza, na mara nyingi aliyeununua anaurudisha unadiwe tena. Hakuna anayelalamika kuwa ni ghali, kwa sababu tunajua fedha inakwenda kwa Bwana. Jumatatu tunakutana sokoni na mama aliyeshuka na mkungu kama ule ule kutoka Old Moshi au Kibosho. Tunamwambia ndizi zake ni ndogo, hazijakomaa, apunguze. Ikifika jioni, tukijua kwamba hawezi kupanda nazo tena mlimani, tunampa bei tunayotaka sisi. Mithali 20:14 inamtaja mnunuzi wa namna hiyo: anaiponda bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu.

Sisi wa ofisi ya miradi nasi tumo. Tumeendesha semina nyingi za kuwafundisha wakulima kutafuta soko, na saa ya mapumziko tukawapa soda na biskuti za dukani. Mkulima wa ndizi hakuwa na soko hata kwetu tuliomwita.

Wapendwa, Pasua tumebarikiwa kukaa katikati ya mashamba ya aina mbili. Juu yetu kuna vihamba: miti mirefu, kahawa, migomba, na chini ya migomba magimbi, maharage na mboga, vikinyweshwa kwa mifongo waliyochimba wazee. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa dunia nzima. Chini yetu, Mabogini na Chekereni, kuna mpunga wa skimu ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani na kutumia maji ya mito ya Rau na Njoro.

Lakini urithi haulipi ada ya shule. Bei ya kahawa ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndizi, maziwa na mboga vilibeba mzigo wa familia nyingi. Navyo vikikosa bei, mzee wa kihamba atamzuiaje kijana wake anayetaka kukikata viwanja?

Mtatuuliza: na sisi wa kipato kidogo tusipunguziwe? Kupatana bei si dhambi. Ila unafuu utoke kwenye msimu, usitoke kwenye uchovu wa mama. Chakula cha msimu ni kingi na hakijasafiri mbali, kwa hiyo kina nafuu chenyewe. Mahindi ya tambarare yakivunwa, Julai na Agosti, mkulima huyauza haraka ili alipe madeni. Kufikia Januari bei imepanda, na mara nyingi yeye mwenyewe anarudi kuyanunua.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, jumuiya zetu zinunue kwa pamoja, moja kwa moja kwa wakulima, kwa kilo na kwa mizani. Lumbesa ni kinyume cha sheria, na mbele za Mungu ni wizi.

Pili, tuweke akiba ya mahindi na maharage wakati wa mavuno. Yakauke vizuri kwanza, kisha yafungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Tatu, sherehe zetu za kipaimara na harusi zianze na vya kwetu: mtori, machalari, kiburu, na maji ya matunda yaliyo msimuni. Tusione aibu kumpa mgeni kile ambacho bibi zetu walitulea nacho.

Ofisi yetu imeamua kuanza. Kuanzia semina ijayo, chai itakuwa na magimbi, viazi vitamu na ndizi mbivu, vilivyonunuliwa kwa wanavikundi wenyewe kwa bei tuliyokubaliana mapema. Tukirudi kwenye biskuti, tukumbusheni.

Jumapili tutanadi tena. Tunaomba moyo ule tunaokuwa nao mnadani tushuke nao sokoni Jumatatu, kwa maana fedha anayolipwa mkulima kwa haki nayo inakwenda kwa watoto wa Bwana.