Wiki Nane na Zamu Tatu: Kujiandaa kwa Mtihani wa Kuingia Udaktari wa Meno Ukiwa Kazini
Mada iliyotolewa katika semina ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, Columbus, Ohio



Nimeombwa nieleze namna ya kujiandaa kwa DAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari wa meno Marekani, kwa mtu mwenye muda finyu. Vitabu vya maandalizi vinavyouzwa huku vina msomaji wao: kijana aliyerudi kwa wazazi likizo ya kiangazi, anapikiwa, anafuliwa, anasoma saa nane kwa siku mpaka tarehe ifike. Mimi nilikuwa nabeba boksi. Boksi langu lilikuwa kuwageuza na kuwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea, usiku mara tatu kwa wiki, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na mwisho wa mwezi kulikuwa na ada ya mdogo wangu Morogoro. Nitakayosema leo ni ya mtu wa aina hiyo. Mwenye kiangazi kitupu anaweza kwenda zake, hatutamlaumu. Chai ipo nje.

Kwa ajili ya wazazi

Wazazi huniuliza: "Mtoto alishafaulu, mtihani gani tena?" Wana haki kuuliza. Tanzania, kijana wa kidato cha sita aliyechukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, akafaulu vizuri huomba Muhimbili moja kwa moja, akasoma miaka mitano, akatoka daktari wa kinywa na meno. Kenya matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo yanayomwombea. Marekani safari ina vituo viwili: shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, kisha chuo cha udaktari wa meno miaka mingine minne. DAT imekaa katikati ya vituo hivyo. Inaendeshwa na Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, nchi nzima tangu 1950, na siku hizi hufanyika kwenye kompyuta katika vituo vya Prometric. Ada yake inazidi dola 500, ingawa wenye shida ya fedha wanaweza kuomba kupunguziwa mapema kabla nafasi hizo hazijaisha. Asiyeridhika na alama zake husubiri siku 60 ndipo arudie, na hulipa upya. Kwa hiyo ukiona mwanao hakuonekana harusini mwezi wa tano, mvumilie. Maombi ya vyuo huanza kupokelewa mwanzoni mwa Juni, vyuo vingi huyasoma kadiri yanavyofika, na aliyechelewa hukuta viti vimeshakaliwa.

Mtihani wenyewe nitaupitia haraka kwa sababu wanafunzi mnaujua. Sayansi ni maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, na kemia ya kaboni, hii mnayoiita oganiki, 30. Kisha maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Mapumziko ya nusu saa. Ufahamu, vifungu vitatu na maswali 50 kwa dakika 60. Mwisho hesabu, maswali 40 kwa dakika 45. Fizikia haimo, na hiyo peke yake ni rehema. Jibu la kosa halipunguzi alama, basi usiache swali hata moja wazi. Jambo jingine: tangu Machi 2025 alama hutolewa kuanzia 200 hadi 600. Ukimsikia kaka anajisifia 22, huyo anazungumzia mizani ya zamani ya 1 hadi 30, usijilinganishe naye.

Kosa langu

Wiki tatu za kwanza nilizimaliza kwenye biolojia. Nilikuwa na kalamu za rangi nne na daftari zuri kama kanga mpya. Biolojia ya mtihani huu ni pana ajabu, toka seli hadi mimea, homoni, urithi, kuvu, tabia za wanyama, lakini haina kina. Ni bahari ya maji ya kifundoni. Mimi nikaingia na jembe kuchimba kisima. Niliweza kutaja vimeng'enya vyote vya uvunjaji wa glukosi kwa mpangilio huku sijafungua hata ukurasa mmoja wa maumbo.

Wiki ya tano ndipo nilipofanya jaribio kamili kwa mara ya kwanza. Kwenye maumbo muda uliniishia nikiwa swali la 51. Nilikaa nikiitazama skrini, nikampigia simu mama, nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Siku iliyofuata nikalipa faini ya kusogeza tarehe.

Jaribio kamili la kwanza lifanyike wiki ya kwanza, kabla hujajua lolote. Utaaibika, lakini utaaibika sebuleni kwako peke yako, na utakuwa umepewa kitu ambacho hakuna kitabu kitakupa: orodha ya mambo ya kuacha. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na najua wengine hamtaupenda. Mtu mwenye wiki nane na kazi ya usiku hawezi kusoma kila kitu, na akijaribu atasoma kila kitu vibaya. Mimi niliacha majina ya vimeng'enya. Niliacha makundi madogo ya mimea nikabaki na makubwa. Katika oganiki niliacha mimenyuko ya nadra na nikashika ile inayorudi kila jaribio, pamoja na swali moja ninalojiuliza popote: elektroni zinatoka wapi, zinakwenda wapi? Kila nilipoacha kitu niliandika nimekiacha, ili kisinisumbue usingizini kama deni.

Saa hazilingani

Nilipoanza upya nilidhani nina saa 50 za kusoma kwa wiki. Nikachukua karatasi, wiki nzima nikaandika kila saa nilifanya nini na kichwa kilikuwaje. Saa ambazo kichwa kilikuwa kinafanya kazi kweli zilikuwa 22. Mara wiki nane, ni 176. Huo ndio uliokuwa mtaji wangu wote, na nilianza kuutunza kama mtu atunzavyo pesa ya mchezo wa kina mama.

Saa za kichwa kizima zilikwenda kwenye oganiki, majaribio kamili, na kukagua makosa. Saa za mabaki, yaani kwenye basi, mapumziko ya saa nane usiku, nusu saa kabla ya kulala asubuhi, zilikwenda kwenye kadi za kukariri na pembe chache za maumbo. Msichanganye. Asubuhi moja baada ya zamu nilisoma ukurasa mmoja wa oganiki mara tano, nikaamka saa tisa alasiri na wino wa kijani shavuni. Kuna wanaokusifu ukikesha, wanaita kupiga msuli. Msuli wa namna hiyo unajenga jina zaidi ya unavyojenga alama.

Kukagua makosa ndiko kulikonifaa zaidi ya yote, na ndiko wanafunzi wengi wanakokuruka, kwa sababu kunauma. Nilikuwa na daftari baya, la rangi moja. Kila swali nililokosa niliandika kwa nini: sikujua; nilijua nikasahau; nilisoma swali vibaya; muda uliisha. Kufikia wiki ya tano ya safari hii ya pili, zaidi ya nusu ya makosa yangu ya sayansi yalikuwa ya kusoma vibaya. Neno "isipokuwa" lilinikosesha maswali mengi kuliko DNA yote. Ningeongeza saa 100 za biolojia, makosa hayo yangebaki palepale.

Kemia bila kikokotoo

Wengi hushtuka hapa. Kikokotoo cha kwenye skrini hutolewa sehemu ya hesabu tu. Katika kemia unabaki na kichwa chako na jedwali la elementi. Kwa hiyo mazoezi yote ya kemia yafanywe bila simu kuanzia siku ya kwanza. Tuseme ayoni za haidrojeni ni 3 mara 10 kwa kipeo cha hasi 4, unaulizwa pH. Ingekuwa 1 mara 10 kwa kipeo cha hasi 4, pH ingekuwa 4 kamili. Ingekuwa 10 badala ya 3, ingekuwa 3 kamili. Jibu liko kati, na kwa kuwa logi ya 3 ni karibu nusu, jibu ni kama 3.5. Tazama machaguo, utaliona limekaa linakusubiri. Kwenye gesi, 0.082 ifanye 0.08 uendelee. Hivi ndivyo muuza nyanya wa Kariakoo anavyokokotoa chenji, na sijawahi kumwona amekosea kwa hasara yake.

Maumbo

Sehemu hii ina hadithi. Zamani mtahiniwa alipewa kipande cha chaki na kisu, achonge umbo aliloonyeshwa kwa vipimo kamili. Ilidumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndipo yakaja maswali ya picha. Kanada wao waliendelea na kuchonga sabuni kwa miaka mingi zaidi. Nikisikia hivyo huwaza vijana wa Kimakonde wa pale Mwenge, wangeingia chumbani wakatoka kabla chai haijapoa.

Siku hizi ni mafungu sita ya maswali 15: umbo kupita kwenye tundu, umbo likitazamwa juu, mbele na pembeni, kupanga pembe kwa ukubwa, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, kuhesabu michemraba, na bapa linalokunjwa likawa umbo. Sekunde 40 kwa swali. Maumbo hayakaririki. Ni kama kukunja sambusa: siku ya kwanza manda inapasuka, siku ya ishirini mkono unakwenda wenyewe huku unapiga soga. Na hujifunzi kukunja sambusa kwa saa sita za Jumamosi moja. Dakika 20 kila siku, hata siku ya zamu, zilinitoa swali la 51 zikanifikisha la 90 na dakika mbili mkononi.

Mfano ni michemraba. Imegundishwa pamoja, ikapakwa rangi pande zote zilizo wazi isipokuwa upande uliokalia sakafu. Unaulizwa mingapi ina pande mbili zenye rangi. Usihesabu kwa swali. Picha moja hubeba maswali kadhaa, basi chora mstari wenye tarakimu 0 hadi 5, pitia mchemraba mmoja mmoja, tia alama panapostahili, pamoja na ile iliyojificha chini inayobeba wenzake. Jumla ya alama ikilingana na jumla ya michemraba, maswali yote ya picha hiyo umeyamaliza kwa kazi moja.

Kiswahili kama kipimo

Kuna wanaoshauri kwamba ili ufaulu ufikiri kwa Kiingereza tu. Mimi nilifanya kinyume. Nilijipima kwa kumweleza mama kwa simu, na mama elimu yake ni ya darasa la saba. Siku ya osmosisi nilikwama, nikataja utando na mkolezo, akaniuliza, "Kwa hiyo?" Nikafikiri. Nikamwambia: ukinyunyizia vitunguu vya kachumbari chumvi, baada ya muda bakuli lina maji. Maji yametoka ndani ya kitunguu kufuata chumvi nje. Maharage uliyoloweka usiku, maji yanaingia, yanavimba. Akasema, "Hilo nalijua tangu msichana." Nililoshindwa kumweleza mama nilikuwa sijalielewa, hata kama nilikuwa nimelikariri.

Katika ufahamu nilitumia lugha hiyohiyo. Kila siku kifungu kimoja cha sayansi nisichokijua, dakika 20, na pembeni ya kila aya maneno matatu ya Kiswahili. Mtihanini sikuandika hayo, lakini macho yalikuwa yameshazoea kujua jambo gani liko aya gani. Kuwinda neno la swali kifungu kizima bila kusoma kunafaa maswali ya namba na majina. Swali la mwandishi anaonaje litakuacha njiani.

Jina lako

Hili ni dogo, lakini linarudisha watu mlangoni. Jina ulilojiandikishia lifanane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu, na mara la babu limeandikwa la kwanza. Ndugu zetu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wengi wana hati zilizoandikwa na watu watatu tofauti, na tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Angalieni leo, siyo wiki ya mtihani, kwa sababu kurekebisha hati huchukua muda kuliko kujifunza oganiki. Na 8:00 iliyoandikwa kwenye barua ya Prometric ni saa mbili asubuhi. Najua mmoja aliyeweka kengele ya simu kwa saa ya Kiswahili.

Tumalizie na lile fungu la karatasi iliyokunjwa: nina rimu ya karatasi hapa na panchi mbili. Kila mtu achukue karatasi moja, aikunje mara mbili, atoboe tundu moja popote apendapo. Kabla ya kuikunjua, mwonyeshe jirani yako kwa kidole matundu yatatokea wapi, na mangapi. Wazazi pia.